Kibao cha Makumbusho Kianzie Barazani

Juu ya lango la Fort Jesus, Ngomeni kama tunavyopaita sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa, pana jiwe lenye maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Aliyeyaweka ni kapteni wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, na maneno yake ni ya kujitapa: kwamba ameitengeneza upya ngome, ameitiisha pwani iliyoasi, amewatoza kodi wafalme wake, na amewaadhibu watu wa Pate na Siyu mpaka kuta za miji yao zikabomolewa. Kabla yake, mwaka 1631, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na kubatizwa Goa, alikuwa amewageuka Wareno na kuitwaa ngome hiyo mikononi mwao. Jiwe la kapteni ni jibu la Wareno kwa kisa hicho.

Jiwe hilo ni kibao. Kiliandikwa na aliyeshinda, kwa lugha yake, kikawekwa juu ya vichwa vya wote wanaoingia. Sitaki kiondolewe. Ni ushahidi, na kila mtoto wa pwani anafaa akione. Ninachotaka ni kwamba mtoto wa Siyu akisimama chini yake, apate maneno ya Kiswahili yenye herufi za kusomeka, yamweleze jiwe linasema nini juu ya wazee wake, na wazee wake walikuwa na lipi la kusema. Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaiteka mwaka 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Tarehe hizi mwanafunzi huzinakili daftarini akaenda nazo. Lakini hiyo jela, kwa mfano, ilifunga watu wa mitaa hii hii. Wako wajukuu wao hapa Kibokoni na Kuze mpaka leo, na wanayo masimulizi ya nani aliingizwa, kwa kosa gani, na nani aliyekuwa akimpelekea chakula. Kibao kinachotaja miaka ya jela bila kumsikiliza mjukuu hata mmoja kimeiacha nusu ya kazi.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao. Kazi hii nilifunzwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu, kwa brashi na rangi ya mafuta, na nimeandika majina ya majahazi, ya maduka ya vitambaa, ya madrasa, na ya mikahawa ya mahamri na mbaazi. Kwa hivyo siwezi kuingia mahali pa historia nikakipita kibao kabla sijakisoma chote. Naangalia lugha ipi imekaa juu, jina la nani limetajwa na la nani limerukwa, herufi ziko kwenye kimo cha macho ya nani. Mtu akitaka kujua makumbusho yanamheshimu nani, aangalie hayo kwanza kabla ya vilivyomo kabatini.

Na nililonalo ni moja. Maandishi ya kibao cha makumbusho yanatakiwa kuanzia kwa watu wenye vile vitu, kwa lugha yao, kabla mchoraji hajapiga mstari wa kwanza. Siku hizi mambo yanakwenda kinyume.

Miaka iliyopita niliitwa na makumbusho moja ya pwani, sitayataja, nikaandike vibao vya chumba kipya. Nikapewa karatasi zilizokwisha kupangwa kwenye kompyuta. Kiingereza kimejaa aya tatu, na chini yake imeachwa nafasi ya Kiswahili, upana wa vidole vitatu. Nikauliza hicho Kiswahili kiko wapi. Nikaambiwa kitaletwa jioni, kuna kijana anakitafsiri. Kikaja kweli jioni, kwa simu, na hakikutosha ile nafasi, kwa sababu maneno yetu ni marefu na hakuna aliyelipima hilo mapema. Nikaagizwa nipunguze herufi. Nikauliza kama hatuwezi kupunguza maneno badala ya herufi, tena tukawaita kina mama wawili watatu wa mtaani wakatuambia vile vyombo walikuwa wakivitumiaje. Jibu likawa kwamba ufunguzi ni Ijumaa.

Niliiandika ile kazi kama ilivyotakiwa, ndiyo riziki. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama watu wanavyosoma vibao, na nimeona jambo ambalo wasimamizi wa makumbusho wangeliona pia kama wangekaa chumbani saa moja tu bila kusema neno.

Siku moja ya wikendi bibi mmoja aliingia na wajukuu zake kwenye chumba cha vyombo vya nyumbani. Kabatini mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ya zamani, kibao chake cha kukalia kimechongwa vizuri na ulimi wake wa chuma umeingia kutu. Maelezo yalisema ni kifaa cha kukunia nazi, kimetengenezwa kwa mti na chuma, kimetoka Lamu, karne ya 19. Watoto wakasoma, wakasogea. Bibi akawarudisha. Akawaonyesha mtu anavyokaa juu yake upande, miguu imekunjwa, sinia chini ya ulimi. Akawaonyesha mkono unavyouzungusha ufuu, nazi ikateremka taratibu. "Msikune mpaka chini kabisa," akawaambia, "mkifikia lile ganda la kahawia tui linaharibika rangi." Akaeleza kifumbu kinavyosokotwa na kukamuliwa, tui zito linawekwa kando, tui jepesi ndilo la kuanza kuchemshia, machicha wanapewa kuku. Akasema mama yake alimpa mbuzi yake alipoolewa, na sharti lilikuwa ulimi usilale na maji.

Wageni wengine waliokuwa mle chumbani wakamsogelea, pamoja na kikundi cha wanafunzi na mwalimu wao. Mtunza chumba akaja, kijana mdogo, nikadhani atamnyamazisha. Akasema, "Shikamoo, bibi. Endelea, bibi, na sisi tusikie." Bibi akaitikia "Marahaba, mwanangu," akaendelea mpaka kwenye ungo na kawa. Hakuna aliyekitazama tena kile kibao cha ukutani.

Aliyepaswa kuandika kibao cha mbuzi ile alikuwa ni yule bibi, na hajawahi kuulizwa. Angeulizwa, fundi kama mimi angeweza kuandika hivi, na nafasi ingetosha:

"Mbuzi. Ilikuwa katika kila jiko la pwani. Mkunaji hukaa juu yake upande, sinia chini ya ulimi. Mama humpa binti yake anapoolewa. Hii imetoka Lamu. Jina la seremala wake hatulijui. Ukilijua, tuambie mlangoni."

Hiyo sentensi ya mwisho naitilia mkazo. Makumbusho mengi hutaja aliyekitoa kitu kwa hisani, tena kwa jina lake kamili, lakini aliyekitengeneza hukosa hata nafasi ya kusemwa kuwa hajulikani. Mtu anapokiri ukutani kwamba jina limepotea, anafungua mlango wa kulitafuta. Lamu ina familia za maseremala ambazo baba kamrithisha mwana, na mzee mwenye jicho anaweza kukitazama kiti cha mpingo akakwambia mtaa kilikotoka kwa namna miguu yake ilivyochongwa. Mzee huyo anazeeka. Hana haja ya kusubiri mradi wa kufadhiliwa ndipo aulizwe.

Jambo la majina limevuka bahari pia. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi mwendo wa siku kadhaa mpaka Lindi, ikapakiwa merikebuni. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13, na watu wa dunia nzima huenda kumwangalia. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea kwa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja. Ilichukua mpaka mwaka 2007 ndipo mjusi mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kisayansi lenye jina lake, Australodocus bohetii. Karibu karne nzima. Ningefurahi kuona kibao cha Kiswahili kinachomtaja Boheti kikiwekwa Lindi penyewe, kwa herufi kubwa, mahali watoto wa shule wanapopita.

Na Gede je? Mji ule wa mawe msituni karibu na Watamu umeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na sote tumefurahi. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Nyumba alizozikuta alizipa majina kwa alichokiokota ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha za Kichina. Kwa mfukuaji huo ni utaratibu mzuri, unamsaidia kukumbuka. Lakini nyumba ile haikuwa ya mkasi. Ilikuwa ya watu, ilikuwa na kisima, choo, ua wa kupokelea wageni na vyumba vya ndani, na mtu wa Lamu akiingia anaweza kukuonyesha kila pembe inaitwaje kwao, kwa sababu mpango wa nyumba zake unafanana na ule. Daka ni pale nje pa kuketi na mgeni asiyeingia. Ndani ni pa wenye nyumba. Zidaka ni vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Nataka vibao vya Gede vimpokee mtu kama mgeni, vimwonyeshe hapa ndipo ungevua viatu, hapa ungesubiri, kutoka hapa mwanamke wa nyumba angekuona bila wewe kumwona. Majina ya Kirkman yabaki kwenye ramani za watafiti. Lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399 nalo liandikiwe pembeni tarehe yake ya Hijria, 802, kwa kuwa ndivyo aliyelichonga alivyohesabu.

Kuna mahali ambapo kibao kinatakiwa kusema machache. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mti zilizochongwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa wakusanyaji sanaa na kuishia kwenye makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kuvirudisha 30. Kigango kikiwa ndani ya kioo, ukaandika "sanamu ya mti" na ukataja urefu wake, umemuumiza mwenye baba yake pale. Lakini pia siyo kila linalojulikana kuhusu kigango ni la kuandikwa ukutani kwa kila mpita njia. Wazee wa kaya ndio wa kusema lipi liandikwe, lipi liachwe, na kama kigango chenyewe kikae kabatini au kirudi kilikosimikwa. Wakisema kibao kiwe na mstari mmoja tu, kiwe na mstari mmoja tu. Heshima hiyo haigharimu kitu, inataka tu mtu afunge safari ya kwenda kuwauliza, akae, anywe maji aliyopewa, asikilize.

Sasa niseme ya ufundi, maana wengi wanadhani kuleta utamaduni kwenye kibao ni kukipamba. Mchoraji wa mjini anapewa kazi ya makumbusho ya pwani, anachukua waridi la mlango wa Lamu analibandika pembe nne, anatia rangi ya udongo, halafu anachagua zile herufi nene zilizokatwakatwa kama zimechongwa kwa panga, zile za matangazo ya safari na mabuku ya hadithi za simba. Anaamini zina sura ya Afrika. Herufi hizo, au mama yao, zinaitwa Neuland, na alizichora Rudolf Koch huko Ujerumani mwaka 1923. Hakuna mkono wa Mwafrika uliozigusa. Ni biashara ya vitabu na filamu iliyozifanya ziwe alama yetu, na sisi tukazipokea bila kuuliza.

Tunazo njia zetu za kuandika, na ziko wazi barabarani. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, katika tendi, barua na hati za mashamba, na ipo haki kabisa ya jina la kitu cha zama hizo kuandikwa pia kwa herufi hizo juu ya kibao chake. Ila mwandishi awe mtu anayejua kuziandika sauti zetu, ile p, ch, v na g ambazo Kiarabu cha kawaida hakina, na awe ni mtu kweli. Nimeona zaidi ya mara moja maandishi yaliyobandikwa kwenye kompyuta isiyoyajua, herufi zimeachana moja moja na kugeuka kuanza kushoto. Mzee aliyesoma madrasa akiyatazama anajua papo hapo kwamba hakuna aliyejali.

Kuna na kanga. Kila mwanamke wa pwani anajua kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ni maneno machache, makubwa, yaliyokaa mahali pake, yasomeke na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Wachapaji wa kanga walilimaliza zamani tatizo linalowashinda wapangaji wa makumbusho: Kiswahili kiandikwe kwa ufupi gani, kikae wapi, na nafasi ngapi ziachwe tupu ili jicho lipumzike. Mimi nikipewa nafasi, kibao cha chumba kizima nitakipanga kwa hesabu ile ile. Jambo kuu katikati, jina chini, pindo liwe na kazi ya kumwonyesha mtu chumba kinachofuata.

Kwenye kipimo, mafundi tuna kanuni ya inchi moja ya herufi kwa kila futi kumi za umbali, na hiyo ni kwa macho mazima na mwanga mzuri. Vyumba vya ngome na nyumba za mawe vina giza, na kabati zina vioo vinavyorudisha mwanga wa dirisha. Kibao cha ndani ya kioo chenye herufi za kijivu juu ya rangi ya maziwa hakisomeki na mtu wa miaka 60, ambaye ndiye angeweza kukisahihisha. Nje kuna jua na chumvi ya bahari. Stika ya plastiki ikikaa Ngomeni misimu miwili ya kaskazi huanza kubanduka pembeni, chuma nacho huota kutu na kuchirizisha ukutani. Milango ya mbambakofi na msaji iliyochongwa karne ya 19 ingali imesimama Lamu, Mombasa na Unguja ikipigwa na hewa hiyo hiyo. Wachongaji wake hawajesha. Kibao cha mbambakofi kilichochongwa herufi na kutiwa rangi ndani ya mchongo kitaishi kuliko mimi na aliyetoa zabuni, na pesa yake itabaki mtaani.

Na kuna kidoti kile cha ng'. Ng'ombe, ng'ambo. Nimekiona kimerukwa, nimekiona kimegeuzwa, nimekiona kimegeuka nafasi tupu ikalikata neno vipande viwili. Mwanafunzi hujifunza tahajia kwa kile anachokiona kimeandikwa kwa gharama kubwa na serikali, na akikosea kwenye mtihani tunamkata alama.

Najua hoja ninayojibiwa kila nikilisema hili. Mtalii ndiye analipa kiingilio kikubwa, na mtalii hasomi Kiswahili. Ni kweli analipa, na aandikiwe vizuri, kwa Kiingereza safi kilichoandikwa na mtu anayekijua. Lakini mabasi yanayojaza uwanja wa makumbusho siku za shule ni ya watoto wetu, na wazazi wao ndio wanaolipa kodi inayolipia paa lisivuje. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ikaiamuru dola iendeleze lugha za wenyeji, lugha ya ishara na Breli. Tuna mlango wa sheria ulio wazi, na bado Kiswahili kinapewa upana wa vidole vitatu. Huko Wellington, New Zealand, makumbusho ya Te Papa yaliyofunguliwa mwaka 1998 huweka Kimaori ukutani pamoja na Kiingereza, na watalii hawakuacha kwenda. Mgeni aliyesafiri mbali anataka kuona kwamba amefika kwa watu.

Tena, mtalii hupoteza kama sisi. Akiandikiwa kwamba siwa ya Pate ni baragumu la pembe za ndovu, amejua alichokiona kwa macho yake. Akiandikiwa kwamba siwa ilikuwa mali ya utawala, haikupulizwa bila idhini, na kwamba harusi iliyopulizwa siwa ilizungumzwa na mji mzima, atasimama pale akiisikiliza. Kibao kizuri cha Kiswahili, kikishaandikwa, huwa na Kiingereza kizuri ndani yake. Kinyume chake sijakiona.

Kazi hii haitaki mabilioni. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam kimekuwa na desturi ya kuzialika jamii zije zenyewe kuonyesha mila zao kwenye siku za utamaduni. Wakiwa pale na ngoma zao na vyakula vyao, mtu mwenye daftari angepata maandishi ya vibao vya chumba kizima kwa mchana mmoja. Hapa Mombasa tuna baraza nje ya nyumba, na alasiri zimejaa watu wenye kumbukumbu na kahawa mkononi. Msimamizi wa makumbusho alete picha ya kitu, au akilete chenyewe ikiwezekana, akiweke katikati, aulize, anyamaze. Atakachokisikia akiandike, akirudishe wiki inayofuata kikiwa kimeandikwa, asomewe makosa yake. Hapo ndipo mchoraji aitwe. Na wale waliosema, wakikubali, majina yao yawekwe pembeni ya kibao kama yanavyowekwa ya wafadhili.

Unguja wana nafasi ambayo hatuipati mara mbili. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Siku litakapopokea tena wageni litahitaji vibao vipya kutoka mlangoni mpaka juu. Nawaomba wanaolishughulikia waanze navyo sasa, na wazee na mafundi wa Mji Mkongwe, waviandike kwa Kiswahili cha Unguja kwanza, ndipo wamwite mchoraji.

Na wewe msomaji, ukienda makumbusho, mchukue bibi yako au babu yako. Wapeleke mbele ya kabati, waache waseme, na kile kibao kikiwa kimekosea, au kimeliacha jina, au hakisomeki, usitoke kimya. Mlangoni pana kitabu cha wageni, na wengi huandika humo "nimefurahi" wakaondoka. Andika kosa lenyewe, andika neno sahihi, andika mtaa unaoweza kuulizwa, utie sahihi yako. Kitabu hicho husomwa na wenye ofisi.